Viatu vya Kuingilia Mweru

Mtu akikuambia kwamba buti ni buti tu, usimwachie mguu wako. Mimi nimewavisha wavuvi wa Nchelenge, wa Kabuta na wa kinywa cha Luapula tangu siku za nyavu za pamba, na nawaambia ninyi vijana mnaochagua gambuti kwa kutazama rangi: ziwa letu la Mweru lina sakafu nyingi, na kila sakafu inataka kiatu chake. Upande huu wa maji hakuna aliyelijua jambo hilo kabla yangu, na sijamwona aliyelijua vizuri zaidi baada yangu. Diploma yangu iko ukutani chini ya kioo. Anayetilia shaka aje aisome, ila anawe mikono kwanza kama ametoka kupara samaki.

Niliipata Elisabethville, katika shule ya ufundi ya mapadre, upande wa ngozi na mpira. Nilivuka Luapula nikiwa na shuka moja na sahani ya bati. Sikuwa na mjomba mjini wala mtu wa kunisemea. Nilifagia karakana, nikachemsha gundi, nikasikiliza masomo nikiwa nje ya dirisha mpaka mwalimu akachoka kunifukuza akanipa kiti. Nilipokaa kwenye kile kiti sikukiacha mpaka nilipokabidhiwa karatasi yenye muhuri.

Mwalimu wangu alikuwa Mluba mnene mwenye sauti ya ngoma, tukimwita Papa Ilunga. Siku ya kwanza alituletea mtu wa kupimwa mguu. Mwenzangu mmoja akamkalisha kwenye kiti, akamvua kandambili, akachora mguu wake kwenye ubao. Papa Ilunga akaunyakua ule ubao akautupa uani.

"Unapima muguu ya mutu anapumuzika? Mutu anayepumuzika, kiatu ya nini?"

Akamsimamisha yule mtu, akamtwika gunia la makaa kichwani, akamwambia tembea. Mguu ukatanuka kama mkate uliowekwa hamira. Hapo ndipo akachora. Tangu siku ile sijampima mtu aliyekaa. Hata hapa Nchelenge kila mteja alibeba gunia la mihogo kichwani kabla sijashika chaki. Watu walipita barabarani wakicheka: "Kwa Diplome, kwanza ufanye kazi, halafu upewe kiatu." Diplome ndilo jina waliloniita, nami sikulikataa. Kuna wanaoitwa majina mabaya zaidi kwa sababu ndogo zaidi.

Nilirudi katikati ya miaka ya hamsini na cherehani ya kushonea ngozi, sanduku la kalibu za mbao na suruali iliyopigwa pasi. Nikafungua karakana karibu na barabara ambako malori ya samaki yalikuwa yanapita kwenda kwenye miji ya migodi. Sikuchagua mahali pale kwa bahati. Lori likipasua gurudumu, dereva hutupa mpira wa ndani, na mpira wa ndani wa lori ni kitambaa ambacho maji hayajui kukipita. Wengine waliona takataka kando ya njia. Mimi niliona suruali ya kuingilia majini.

Basi siku moja baiskeli ikaja ikisukumwa na mwanamke, na nyuma, pale panapofungwa vikapu vya samaki, alikaa mwanamume mkubwa mguu mmoja umefungwa kitambaa. Alikuwa Bashi Mwape wa Kabuta, yaani baba wa Mwape. Kwetu mtu aliyezaa haitwi jina lake. Aliyekuwa akisukuma ni mkewe, Bana Mwape. Yeye mume ni wa ukoo wa Samaki, mimi ni wa ukoo wa Mamba, na koo hizo mbili zina utani tangu mababu. Ananitukana, namtukana, na siku mmoja wetu akifa, mwenzake ndiye anayechimba kaburi.

"Weye Mamba," alisema hata kabla hajashuka, "batu banasema ulienda kusoma viatu. Myaka yote ile, paka viatu?"

"Paka viatu, viatu tu," nikamjibu. "Na weye, Samaki, umekuja kuvuliwa ao kukaushwa?"

"Nimeletwa. Samaki yenye kuoza haiendaki sokoni yenyewe."

Bana Mwape hakucheka. Alifungua kitambaa akanionyesha. Mwiba wa kambale ulikuwa umemchoma chini ya kifundo cha mguu wa kulia, na kidonda kilikuwa kimekaa wazi kama mdomo wa mtu anayetaka kusema.

"Mutu wa dawa pa misheni amesema, huu muguu ukikunywa maji ya ziwa tena, banaukata," alisema. "Na huyu anasema atarudi pa mukwao. Nilifikiri nimufunge kamba pa nguzo ya nyumba. Halafu nikafikiri weye."

"Bakiukata," Bashi Mwape akasema, "ni weye utauzika, mutani. Kaburi kadogo, haitakuchokesha."

"Nilisomaka viatu," nikamwambia. "Makaburi sikusomaka. Leta muguu hapa."

Sasa sikilizeni kwa nini hakuweza kukaa nyumbani akapona kama mtu mwenye akili. Ninyi mnaovua chisense, wale dagaa wetu, kwa taa huenda hamjauona mukwao ukivutwa kwa mikono. Ni wavu mrefu sana. Mtumbwi unauzungusha majini kama mkono unavyozunguka chungu, kisha watu wanauvuta kutoka ufukweni, kundi kila upande. Juu una vyelezo, chini una kamba yenye uzito wa udongo uliochomwa. Perege wetu, ambaye jina lake kwetu ni pale, si mjinga. Akiona wavu unakaribia, hutafuta tundu chini ya ile kamba. Kwa hiyo watu wawili huingia majini, mmoja kila upande, nao huikanyaga kamba ya chini hatua kwa hatua mpaka ufukweni, wakiisikiliza kwa vidole vya miguu. Kamba ikiinuka juu ya sakafu, vidole vinajua. Samaki akiigonga, vidole vinajua. Mkanyagaji mzuri hulisha kundi zima, na mkanyagaji mbaya huwapeleka watu nyumbani na wavu wenye majani.

Bashi Mwape alikuwa mkanyagaji wa upande wa kulia kwa mukwao wa Kabuta, na hakuna aliyemkaribia. Lakini nafasi ile ina desturi yake: haiazimwi. Anayekukanyagia kamba msimu mzima ameichukua, nawe ukipona unakwenda kuvuta na vijana. Mpwa wake Chisenga, mtoto wa dada yake, alikuwa tayari anakanyaga upande wa kushoto, na binamu mmoja alikuwa amekwisha kuanza kuzoea upande wa kulia. Bashi Mwape alikuwa na watoto wengi na kitu kimoja tu cha kuwaachia jina: ule mguu juu ya ile kamba. Akiingia majini, mguu unakatwa. Asipoingia, nafasi inakwenda. Mtu wa namna hiyo hasaidiwi na maneno ya pole. Anasaidiwa na fundi.

Kabla sijawaambia nilichofanya, lazima mjue nilichokuwa nakijua tayari, kwa sababu buti lile halikutoka hewani.

Anzeni na matope. Kwenye kinywa cha Luapula, ndani ya mafunjo, watu huweka mitego na nyua za matete. Pale matope yanashika mguu kama mkwe anayedai heshima: yanakushika taratibu wala hayakuachii. Watu wa kwetu walikuwa na kosa lao. Buti lilikuwa mali ya familia nzima, kwa hiyo walichagua kubwa kuliko miguu yote, ili kaka avae, mjomba avae, na shemeji akija kutembea naye avae. Kubwa ni la wote! Nilikuta ndugu wawili kule kwenye mafunjo ambao baba yao aliwaachia jozi moja. Hakuna aliyekubali mwenzake avae mbili. Kila mmoja alivaa moja, wakasimama kwenye maji kama korongo wawili, na matope yalipowavua hayo mabuti wakaanguka pamoja, kila mmoja akimlaumu mwenzake.

"Wewe ulivuta!"

"Miye nivute na nini? Muguu yangu iko wapi? Iko chini!"

Tulitoa buti moja. La pili liko kule hata leo, labda kambale anazaa ndani yake. Niliwashonea kila mmoja jozi yake, na wakati wa kushona niliwaeleza hivi, kama ninavyowaeleza ninyi: buti la matope lishike kifundo. Weka mkanda wa ngozi juu ya kifundo na mwingine chini ya goti. Usiweke kisigino, maana kisigino ni ndoana. Wayo uwe mpana na laini. Na ukikwama usivute juu kama mtu anayeng'oa mhogo. Zungusha mguu, tope liingize maji, ndipo utoke. Suruali ya mpira ipande mpaka kiunoni kwa ajili ya ruba, kwa sababu ruba wa kule hawaheshimu mtu.

Mawe ni jambo lingine kabisa. Kuna sehemu za pwani yetu ambako mawe yako chini ya maji, yamevaa majani ya kijani yanayoteleza kuliko sabuni. Mpira mtupu juu ya mawe yale ni kaburi. Nilijaribu misumari, ikalia kama meno na kuwafukuza samaki. Nilijaribu kamba ya katani iliyosokotwa, ikashika vizuri lakini ikaoza haraka. Dawa niliipata kichwani mwa karani mmoja. Alikuja kupimwa viatu akiwa na kofia nzito ya sufu iliyogandamizwa, ya kizungu, imezeeka. Nikaiona, nikaacha kumsikiliza.

"Karani, hiyo kofia utaniachia kwa bei gani?"

"Hii? Hii ni heshima yangu!"

"Heshima yako imetoboka pale juu. Nitakutengenezea viatu, uende na heshima ya miguuni."

Alikubali. Kofia moja ilitoa nyayo mbili, nikazibandika chini ya mabuti ya mtu aliyekuwa akivua kwa ndoana kwenye mawe, akatembea juu ya majani yale kama mjusi ukutani. Tangu hapo wazungu na makarani wa wilaya hii walipita mbali na karakana yangu wakishika kofia zao.

Na suruali za mpira zinazofika kifuani? Hizo nilizijua kupitia mzungu mmoja aliyekuja kutoka miji ya migodi kuvua kwa fimbo ya ndoana, kwa kujifurahisha. Alikuwa na suruali nzuri ya kijani, mpya, na akajitosa majini mbele yetu sote kama anayeingia kanisani kwake. Hakufunga mkanda. Hewa ilikuwa imejaa miguuni. Alipofika kwenye kina akateleza, na ile hewa ikaamua kurudi juu ikiwa na miguu yake. Tuliona nyayo mbili zikitazama mbingu na kofia ikienda peke yake kuelekea kisiwa chetu cha Kilwa. Tulimtoa mimi na mvuvi mmoja, tukamwinamisha, akatoka maji kama mfereji. Alipoweza kusema alisema suruali ni mbaya. Nikamwambia kwa adabu, lakini nikamwambia, kwamba suruali ni nzuri, aliyeivaa ndiye hajafundishwa. Nikamfundisha, naye akasikiliza, kwa sababu mtu aliyekunywa Mweru kwa pua husikiliza. Ukivaa suruali ya kifuani, ingia mpaka magotini kwanza, uchuchumae. Maji yataubana mpira kwenye mwili wako, hewa itatoka juu kwenye kifua ikipuliza. Ndipo ufunge mkanda kiunoni, ukaze. Ukianguka, maji yatakayoingia yataishia kwenye mkanda. Mwaka uliofuata alirudi na rafiki zake wanne, na wote wakachuchumaa pamoja majini kama kuku wanaotaga, watoto wa Nchelenge wakifa kwa kicheko.

Basi nilikuwa na ujuzi wa matope, wa mawe na wa kina kirefu. Lakini kukanyaga kamba ya mukwao si kusimama matopeni, wala si kupanda mawe. Sakafu ya Kabuta ni mchanga. Maji yanafika mapajani na kushuka. Na mvaaji lazima asikie kamba. Hapo ndipo kitabu cha shule kilipofika mwisho na kichwa changu kilipoanzia.

Suruali ya kwanza niliyomshonea Bashi Mwape ilikuwa ya kujaribia. Ilikuwa na miguu miwili, imara, wayo mnene wa gurudumu la gari. Nilitaka kuona itashindwa wapi, na ilishindwa hadharani. Alifundishwa kuchuchumaa, akachuchumaa. Mkanda tukafunga. Maji hayakuingia hata tone. Lakini alipofika kwenye kamba alisimama kama mtu aliyesahau nyumba yake.

"Mutani!" alipiga kelele kutoka majini. "Kamba iko wapi?"

"Uko juu yake!"

"Miye? Miye niko juu ya meza!"

Chisenga akapiga makofi majini. Alikuwa kijana mwenye mabega na mdomo, si mtu mbaya, ila alijua nani atakuwa mkanyagaji mkuu iwapo mjomba atashuka. "Yama," alimwita, maana ndivyo tunavyomwita mjomba, "hii haiko kiatu. Hii ni mutumbwi bila kafi. Toka, ukae pa muchanga, utuhesabie ndege."

Wavu ulifika ufukweni na samaki wa kutosha paka mmoja. Bashi Mwape aliketi mchangani akaivua ile suruali polepole. Kisha akaanza kufungua kitambaa cha kidonda.

"Unafanya nini?" mkewe akamuuliza.

"Naingia na muguu yangu."

"Unaingia na muguu, unatoka na fimbo!"

Nilikwenda nikasimama kati yake na maji. Nikamwambia anipe mpaka Jumatatu. Nikasema mbele ya kundi lote kwamba Jumatatu atakanyaga kamba kwa mguu mkavu na ataisikia kama anavyosikia mkewe akimwita. Chisenga akauliza ni nani aliyeniambia hivyo. Nikasema diploma. Ndiyo, nilisema hivyo, na ningesema tena, kwa sababu fundi anayeogopa kuahidi hushona kwa mkono unaotetemeka.

Nilirudi karakana, nikakaa, nikawaza kama nilivyofundishwa: usiulize kiatu kinaonekanaje, uliza mguu unafanya kazi gani. Mguu wa Bashi Mwape ulifanya kazi mbili. Kisigino kilibeba mwili. Vidole vilisikia. Kwa nini basi wayo wote uwe na unene mmoja? Nikakata wayo wa gurudumu, nikauishiliza katikati ya mguu, pale kwenye upinde. Mbele yake, chini ya vidole, nikaweka mpira wa ndani wa baiskeli, ule mwembamba, tabaka moja, nikaupiga msasa mpaka nilipougusa kwa ulimi nikasikia joto la kidole upande wa pili. Kwenye mawe ungechanika mara moja. Matopeni ungepasuliwa na konokono. Lakini mimi sikuwa nashonea mawe wala matope. Nilikuwa nashonea mchanga wa Kabuta.

Jambo la pili lilinifanya nicheke peke yangu. Nilikuwa nimeshona miguu miwili kwa sababu kila mtu hushona miwili. Mguu wa kushoto wa Bashi Mwape ulikuwa na ugonjwa gani? Hakuna! Kwa nini niunyime maji? Nikashona mguu mmoja tu, wa kulia, kutoka vidoleni mpaka juu kabisa ya paja, ukashikwa na mkanda wa kiuno na mwingine uliopita begani. Juu, pajani, nikaweka pindo la mpira wa kubana, ili asipoinama sana maji yasichungulie. Kifundoni nikaweka mkanda wa ngozi kama wa watu wa matopeni, nikaufunga palipo juu kidogo ya kidonda, si kwenye kidonda chenyewe, ili usikisugue.

La tatu ni hewa. Mguu mmoja wa mpira huelea, mwingine ulio uchi huzama, na mtu anatembea kama mlevi. Nikachukua uzito wa udongo, ule ule wa kamba ya wavu, nikaushona ndani ya mkanda wa kifundo pande zote, kidogo kidogo, nikapima kwenye pipa la maji mpaka buti likasimama wima lenyewe kama askari.

Na la nne likawa la Bana Mwape. Nilimwambia kwamba mguu ndani ya mpira hutoa jasho, na kidonda hakipendi jasho pia. Akakata blanketi kuukuu, akashona soksi ndefu, nyingi, akazipanga kwenye kikapu zikiwa kavu. Kila mukwao ukiisha, soksi mpya. Hiyo ni kanuni ambayo nawaachia hata ninyi mlio na miguu mizima: nunua buti ukiwa umevaa soksi utakayovulia, na uwe na nyingine kavu ya kubadilisha. Buti lisilo na nafasi ya soksi nene litakula ngozi yako kabla ya mchana.

Kupima kama lina tundu nilifanya kama mnavyofanya kwenye baiskeli. Funga juu, jaza hewa, zamisha kwenye pipa, tazama mapovu. Povu moja, kiraka kimoja. Nilitazama mpaka macho yakauma. Hakuna povu.

Jumatatu asubuhi kundi lote lilikuwa Kabuta. Nadhani hata walioacha kuvua siku hizo walikuja. Bashi Mwape alivaa, akasimama, mguu mmoja mweusi wa mpira na mwingine wa nyama.

"Ee Lesa, Mungu wangu," mzee mmoja wa kundi akasema, "amekuwa nusu mutu, nusu lori."

"Lori yenye pancha," akaongeza Chisenga.

"Lori hii itakupitia juu," Bashi Mwape akamjibu, akaingia majini. Alichuchumaa. Hewa ikatoka juu pajani kwa sauti ambayo sitaieleza mbele ya watoto, na watu wakaangukiana kwa kicheko. Akakaza mikanda. Mtumbwi ukazunguka na wavu. Kisha kazi ikaanza.

Alitembea. Mimi niliangalia uso wake, sikuangalia maji. Hatua ya kwanza uso ulikuwa wa mtu anayetafuta. Hatua chache mbele akasimama, akainamisha kichwa upande mmoja, kama mtu anayesikiliza mlango. Kisha akatabasamu, akaendelea, mguu wa mpira ukitangulia kwenye kamba, mguu wa nyama ukifuata. Makundi mawili yalivuta. Wavu ulikaribia, maji yakaanza kuchemka kwa mikia.

Mara akapaza sauti: "Chisenga! Kamba yako imeinuka! Kanyaga!"

"Yama, niko juu yake!"

"Uko juu ya muchanga! Rudi nyuma! Rudi!"

Chisenga alitazama chini. Maji upande wake yalikuwa yametibuka, na samaki walikuwa wanapita chini ya wavu wakienda zao bila haraka. Akaruka nyuma, akaikandamiza kamba kwa miguu yote miwili. Mjomba alikuwa ameusikia ule mtikisiko kupitia kamba, kutoka upande wa pili wa wavu, kwa kidole kikubwa kilichovaa mpira wa baiskeli. Baadaye Chisenga alimuuliza mara nyingi alijuaje. Alimwambia, "Huyu kidole ameenda shule."

Wavu ulitoka umejaa. Sitawaambia ulijaa kiasi gani kwa sababu mtasema ninajisifu, na sina haja. Waliokuwepo walipiga magoti kutoa samaki.

Lakini Bashi Mwape hakuangalia samaki. Alitoka, akaketi kwenye ukingo wa mtumbwi, nikafungua mikanda, nikalivuta lile buti. Nikalipindua. Matone yakaanguka kwenye kiganja changu.

Bana Mwape aliyaona. Akaweka mikono kichwani. "Maji," alisema. "Maji yameingia." Akaishika ile soksi juu, kwenye paja, nayo ilikuwa imelowa. Watu walianza kusogea. Chisenga mwenyewe aliacha samaki, akaja, na safari hii hakuwa na neno la utani. Bashi Mwape alinitazama kama mtu anayemdai mwenzake macho aliyomkopesha.

Nilikuwa nimelitazama lile pipa.

"Onja," nilimwambia Bana Mwape, nikamnyooshea kiganja.

"Nionje nini?"

"Onja. Weye umekunywa Mweru tangu mutoto. Niambie kama hii ni Mweru."

Akachovya kidole, akakiweka ulimini. Akafumba macho. Akachovya tena, maana hakuwa mwanamke wa kuamini mara moja, akaonja na matone ya kwenye soksi pia.

"Chumvi," alisema. Akamgeukia mumewe, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye mitumbwi: "Ni chumvi! Mweru haina chumvi!"

Ilikuwa jasho lake mwenyewe. Ziwa halikuingia hata tone.

Kidonda kilifunga kabla mvua hazijaanza, na nafasi ya kulia ilibaki kwa mwenyewe. Mimi nimeshona vitu vizuri zaidi tangu siku hiyo, na ninaweza kuwaonyesha. Lakini nikilala mchana najikuta bado niko pale Kabuta, Bana Mwape akitema chumvi mchangani, akiinamia kikapu chake, akimtupia mumewe soksi kavu kifuani.

"Vaa," anasema. "Benzako banangoja pa maji."